Vyungu vya Chambo vya Runzewe

Siku ya kwanza kazini nilitapika. Nyapara wa wategaji pale Kishapu alinisimamisha mbele ya vyungu vitatu vilivyofukuliwa samadini, akafunua kimoja kimoja, akaniambia nichague kilichoiva. Cha kwanza nilikistahimili. Cha pili kilinikimbiza nyuma ya zizi. Niliporudi nikijifuta mdomo, nikanusa na cha tatu, kisha nikasema, "Ni hicho cha pili, mzee."

Nyapara akacheka. "Wee nsumba, vijana wenzako wote huchagua cha tatu kwa kuwa kinanuka zaidi. Cha tatu kimekwisha kufa. Hata fisi atakipita. Kesho njoo na jembe."

Ndivyo nilivyoingia kazi ya chambo, miaka ile vita vya kwanza vya Wazungu vilipokuwa vimekwisha na wanunuzi wa ngozi wakaanza kuzunguka Usukuma. Ninyi vijana mnadhani kutega ni chuma tu. Chuma hushika mguu, lakini kinacholeta mguu ni harufu. Tulitega fungo, kanu, mondo na mbweha. Tuliozesha samaki wa ziwani ndani ya chungu, tukasiriba kifuniko kwa udongo, tukakifukia kwenye samadi ili kipate joto la kadiri. Kwa fungo na kanu tuliongeza asali. Kwa mbweha, mkojo wa jike lao. Mwisho tulidondosha zabadi, yale mafuta yatokayo kwenye tezi ya fungo chini ya mkia, ili harufu isioshwe na umande. Sabuni ilikuwa haramu. Nilipooga nayo kwa ajili ya harusi, mitego yangu ilikaa siku tatu bila kitu, na nyapara akaniambia, "Umenukia kama karani, basi katege makarani."

Yote hayo mtu aliweza kufundishwa, isipokuwa kuiva. Siku moja kabla, chungu ni uvundo mtupu. Siku moja baadaye, kinafukuza mnyama. Siku yenyewe, ndani ya uvundo hutokea utamu mwembamba, kama pombe ya mtama inapoanza kuchacha. Pua yangu iliukamata utamu ule kuliko pua za wenzangu, na kwa pua hiyo nilihamishiwa ghala la Shinyanga mjini, kisha Runzewe, kwenye pori, ambako wachimba dhahabu wa upande wa Geita walikuwa wamefungua njia. Bwana Mkubwa wa Ngozi akanifanya mkuu wa chambo. Nilipewa nyumba ya bati, na mwanangu Shija akapata nafasi shule ya misheni.

Pua yenyewe ilifia kule. Ghalani tulipaka ngozi dawa kali ya wadudu, na Bwana aliamuru madirisha yafungwe ili dawa isipoteze nguvu. Masika moja nilitoka mle pua ikivuja damu. Ilipopona, sikusikia tena harufu ya kitunguu, wala moshi, wala ya mwanangu. Bwana angejua, nyumba na shule vingekwenda kwa mwingine. Nilimwambia mke wangu peke yake.

Mama Shija alikuwa akiichukia kazi yangu, hata mkeka wangu aliutandika karibu na mlango. Siku ile alijifunika pua kwa kanga, kisha akasema, "Lete chungu."

Alijifunza haraka kuliko mimi. "Bado," angesema, "kinanuka kidonda." Au, "Leo, Baba Shija. Wahi." Ni yeye aliyegundua kwamba asali ya nyuki wadogo wasiouma huvuta fungo zaidi. Harufu ikamganda, wanawake wenzake kisimani wakamtenga, na hakumwambia hata mmoja sababu. Misimu sita nilisifiwa kwa pua yake.

Kisha Bwana akaja na wageni. Akaishika ngozi ya mondo, akasema, "Pua ya mtu huyu nzuri sana." Mgeni mmoja akamtazama mke wangu, aliyekuwa amesimama na kifuniko cha chungu mkononi. "Na mama huyu, naye anajua chambo?"

Nikasema, "Huyu? Mwanamke tu, Bwana. Anafagia."

Mama Shija akakiweka kifuniko chini polepole. Kesho yake nilipompelekea chungu, alikuwa anafagia uwanja. Nilimbembeleza, nikamwambia wasingeniamini hata ningesema.

"Hukujaribu," akajibu, akaendelea kufagia.

Nikawa nafukua kwa kuhesabu siku. Lakini jua na mvua havihesabiki hivyo, na mitego ikakaa mitupu. Bwana akaja mwenyewe, akaweka vyungu viwili mbele yangu, vimefunikwa kitambaa. "Chagua kilichoiva."

Mama Shija alikuwa mlangoni, fagio mkononi, ananitazama. Alikuwa anangoja. Neno lililotakiwa ni moja tu: Mama Shija, njoo. Nilikuwa nalo mdomoni, nikaona haya mbele ya manyapara na wapagazi wa pale, nikalimeza. Nikainama, nikanusa kwa mbwembwe, nikanyoosha kidole.

Bwana akaondoa kitambaa. Vyote viwili vilikuwa na maji ya kisima.

Nyumba ilikwenda, na Shija akarudi kuchunga ng'ombe. Mimi nilirudishwa ghala la Shinyanga, nikafanya kazi ya chini hadi nikazeeka. Msinionee huruma. Dawa ile iliniua pua. Yaliyobaki niliyafanya mwenyewe.

Siku ya kustaafu, karani alinipa cheti: "Mfagiaji wa ghala." Nilikipeleka nyumbani Ngokolo. Mama Shija hakujua kusoma, akaniomba nimsomee. Nikamsomea: "Mkuu wa chambo, mwenye pua ya ajabu."

Akafikiri kidogo. "Na jina langu limo?"

Nikamwambia halimo. Katika yote niliyomsomea siku ile, hilo tu ndilo lililokuwa kweli.