Tumbo la Baba Yako

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji mtoni, hapa Kanja, ilisemwa ukoo wetu una kirumi, laana ya mzee aliyekufa na kinyongo. Watu wetu walikufa kwa tumbo, tena wakiwa na nguvu za kulima. Majirani wakija kwetu walichungulia sahani kabla ya kula.

Asubuhi moja ya ukungu, ule unaofanya migomba ionekane kama wageni wamesimama, cucu, mamake baba, alichinja mbuzi wa kuondoa laana hiyo. Akatupanga watoto uwanjani, akatupaka tumboni zile nyasi zilizosagika za tumboni mwa mbuzi. Mpaka leo nikifumba macho nasikia lile joto likiteremka kitovuni, na sauti ya cucu kama inatoka ndani ya ukungu wenyewe: "Toka. Enda na maji."

Baba, mzee wa kanisa, alisimama kando, kofia mkononi.

"Mama, mimi nimeokoka."

"Umeokoka wewe. Tumbo ni la baba yako."

Baba alikufa kabla sijaolewa. Tumbo hilo hilo.

Sasa cucu ni mimi. Miezi michache iliyopita watafiti wa hospitali walichukua damu yangu. Daktari, msichana mdogo, akaniambia damu yetu ina kasoro inayotoka kwa mzazi. Mtoto mmoja huirithi, mwingine huikosa. Huleta saratani ya utumbo mkubwa, lakini ukipimwa mapema unawahiwa. Nikanyweshwa dawa ya kuharisha, nikaingizwa kamera mahali sitapataja, wakakata kinyama kilichoota humo kabla hakijaharibika. Nikawauliza mbuzi wao yuko wapi. Hawakucheka.

Nikamwita kijana wangu Njeru, naye apimwe. Ni mchungaji. Akasimama mlangoni.

"Mama, laana ilivunjwa msalabani."

"Nani amesema laana? Nimesema tumbo. Na hilo unalobeba huenda ni la baba yangu."

Akazungusha kofia mkononi pole pole. Babu yake hakumwona hata siku moja. Nani alimfundisha kushika kofia hivyo? Nikaona ukungu, nikaona uwanja, nikaogopa.

"Njeru, baba yangu alisimama hivyo hivyo. Nikamzika."

Cucu alikosea dawa tu. Ugonjwa aliujua.

Jana tulienda hospitali. Njeru aliomba kwanza, maombi marefu, muuguzi akingoja na sindano. Kisha akaniwekea kofia mapajani, akakunja shati, akanyoosha mkono. Majibu bado. Lakini baba yangu hakunyoosha mkono.