Chumvi ya Mabala

Kijiji kipya kilinuka udongo mbichi. Nyumba zilijengwa haraka, kuta hazijakauka, na kila asubuhi harufu ile ndiyo iliyoniamsha, kabla ya jogoo na kabla ya sauti ya mama. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kaya yetu upande wa Zagayu, ambako jirani aliitwa kwa kupaza sauti, tukapangwa kwenye mistari iliyonyooka, mlango ukitazamana na mlango. Wakubwa walisema sasa shule iko karibu na maji yako karibu, na ilikuwa kweli. Lakini sijawahi kuwa mpweke kama msimu ule, katikati ya watu wote wale. Kaka yangu, mtoto mwingine pekee nyumbani, alikuwa shule ya bweni. Wasichana wa darasani walikuwa wamekwisha kugawana marafiki kabla sijafika. Ukimwona mtu anazungumza na ng'ombe usimcheke, uliza kwanza amekosa nani.

Ng'ombe mwenyewe tulimwita Mabala kwa sababu ya madoa yake. Juma la kwanza alitoroka malishoni, akarudi kwenye kaya ya zamani, mwendo wa saa nzima. Baba alinituma nikamlete. Nilimkuta amesimama katika zizi letu, ua wa minyaa bado wa kijani, nyumba imeezuliwa paa. Niliketi kwenye kizingiti cha chumba cha marehemu bibi huku Mabala akicheua, nikapata utulivu ambao kijijini sikuwa nao. Tulipoanza kurudi, nilikuwa tayari natamani atoroke tena.

Hakutoroka. Basi siku isiyo na shule nilimswaga mwenyewe hadi kule, nikamwekea chumvi ya mawe, niliyoiiba katika kopo la mama, juu ya jiwe la kusagia lililobaki uani. Nilifanya hivyo mara tatu. Mazoea yana taabu: tangu hapo Mabala alikwenda peke yake, nami kila nilipotumwa kumfuata nilikuwa na punje chache kwenye pindo la kanga. Mama alipoanza kulalamika kwamba kopo linaisha, siku nyingine nilikwenda mikono mitupu. Mabala aliendelea kwenda vilevile, tena kwa pupa zaidi. Nilifurahi, nikajiona mjanja.

Sikumhesabu baba. Alikuwa mtu wa maneno machache, na wazazi wake walizikwa kule tulikotoka. Kila Mabala alipotoweka, baba alisimama uani akitazama upande wa Zagayu, na pamba yake ikaanza kuzidiwa na magugu. Mwishowe alichukua kuku, akaenda kwa mfumu, mganga asomaye mambo ndani ya kuku aliyepasuliwa. Alirudi uso umekunjuka.

“Mayu,” aliniambia, yaani mama, kama alivyoniita siku zote, “babu yako anataka tumchinjie Mabala kule. Anasema tumemwacha peke yake. Kumbe ng'ombe alikuwa anatuambia siku zote hizi, sisi ndio viziwi.”

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nikisema, ng'ombe atapona, lakini baba atajua kwamba mwanawe ndiye aliyemnyima usingizi, nami sitatumwa tena kwenye kaya. Niliiwaza safari kwanza, kisha baba, na Mabala nikamwaza mwisho. Sijivunii mpangilio huo. Nilinyamaza.

Jumamosi ndugu walikusanyika katika zizi la zamani na pombe ya mtama. Hakuna aliyemvuta Mabala. Alitangulia, akapita katikati ya wazee, akaenda moja kwa moja kwenye jiwe la kusagia akaanza kulilamba, nalo lilikuwa kavu. “Mnaona?” alisema baba mkubwa kwa sauti ya chini. “Anajua anakokwenda.” Wazee wakavua kofia. Baba alilia, nami nikalia kuliko yeye, na shangazi akanisifu kwamba nina moyo wa kuwakumbuka masamva, wahenga wetu.

Baada ya hapo baba alilala vizuri. Alipalilia pamba yake na kuanza kuwatembelea majirani, akawa mtu wa kijiji. Mimi sikutumwa tena popote.

Leo nafundisha baiolojia. Ni chuoni nilikosoma kwamba mnyama hujifunza kwa tuzo, na kwamba tuzo inayokuja leo ikakosekana kesho humfunga kuliko ya kila siku. Nilisoma pia kwamba ndani ya ubongo kuna chembe hai zinazoamka mnyama anapofika mahali anapopajua. Niliufunga ukurasa ule nikatoka nje. Msichana mmoja wa Zagayu alikuwa ameyagundua hayo kwa chumvi ya kuiba, na hakuna aliyemuuliza.

Miaka mingi baadaye aliuliza baba, akiwa mzee sana, macho yamefifia. “Wewe uliyesoma, sayansi inasemaje kuhusu Mabala?”

Jibu nilikuwa nalo, la kujaza ubao mzima. “Sayansi haijui, baba.”

Alitikisa kichwa kwa furaha. “Nilijua haitajua.”

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu mpaka leo sijafika mwisho wake. Baba tulimzika kijijini, kama alivyotaka, kwa kuwa alisema babu ameshamruhusu. Sasa naweza kueleza vizuri kabisa kwa nini ng'ombe yule alirudi, na aliyehitaji kusikia hayupo.