Reli ya Fundi Shamsi Haina Mizizi

Umande haujakauka, na Fundi Shamsi Mahfoudh amepiga magoti kiwanjani huko Mtoni, Unguja, akipangusa reli kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Akimaliza, anaunganisha waya kwenye betri ya pikipiki. Kichwa cha treni, kisichozidi urefu wa mkono, kinakoroma, kinavuta mabehewa matatu ya makopo ya maziwa, kinauzunguka mfenesi na kurudi kilipotoka. Kisha kinazunguka tena.

"Zamani ilikuwa ikenda safari," anasema bila kuinua uso. "Sasa inazunguka tu, kama ngamia wa kinu."

Shamsi ana miaka sitini na moja. Ni fundi bati wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Majiko, ndoo na mabirika ya kahawa ndiyo yanayomlisha, na siku mbaya hauzi hata moja. Kikwajuni, anakokaa na mkewe Mwatum, hakuna hata pa kuanika shuka. Ndiyo maana treni aliijenga Mtoni, kwenye shamba la babu yake, kwa miaka minane.

Babu huyo utotoni aliipanda treni ya kweli, ile ya mjini hadi Bububu iliyong'olewa zamani, na hakuchoka kuisimulia. Shamsi akaijenga upya. Mataruma, vile vibao vinavyolaliwa na reli, aliyakata kwa vipande vya mvule alivyookota kwa mafundi wa milango. Nyumba za Mji Mkongwe alizijenga kwa vijiwe vya matumbawe na chokaa, na milango akaipiga vichwa vya pini viwe njumu, ile misumari ya pambo. Stesheni ya Mtoni ilikuwa na baraza, na barazani wanaume wanne wa bati wakinywa kahawa.

"Kaniolea mke mwenza wa chuma," Mwatum anatania. "Paa letu linavuja, la stesheni halivuji!"

Kosa, kama ni kosa, lilianzia kwa babu. Alipogawa mali yake angali hai, ardhi alimpa mwanawe wa kiume, na miti akampa binti yake, mama yake Shamsi. Unguja hilo si ajabu: kiwanja cha huyu, miti ya yule. Ardhi ikashuka kwa Ummkulthum, binti wa mjomba. Mishelisheli miwili na mfenesi mmoja ikashuka kwa Shamsi. Mwenye mti ana haki ya kufika chini yake kuchuma. Shamsi akaona basi na kivuli chote ni chake, akatandika reli bila kumuuliza mtu.

"Nimuombe ruhusa nani? Nipige hodi kwenye mfenesi wa mama yangu?" anauliza, na hasira yake haijapoa.

Mwaka jana Ummkulthum aliuza kiwanja kwa mjenzi wa nyumba za wageni. Sheha, kiongozi wa mtaa, akaja na watu wa mnunuzi kuhesabu miti ili mwenye miti afidiwe. Shamsi alisubiri waihesabu na reli. Waliiruka kama mtaro, wakaenda kwenye mti wa pili.

"Kaka Shamsi, miti yako nshawaambia wakulipe," Ummkulthum alimwambia mbele ya sheha. "Lakini hiyo reli mie ntaiita nini? Haina mizizi hiyo."

Shamsi alidhani akikubali fidia ya mishelisheli, watampa nafasi ya kuihamisha stesheni. Akakubali. Kesho yake alipofika na toroli, mishelisheli ilikuwa chini, na Mji Mkongwe wake wote umelaliwa na magogo. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Huyu mnunuzi alichukua msumeno. Katika wale wanaume wanne wa barazani, Shamsi alimpata mmoja, kapondeka.

"Nililia, sikuficha," anasema. "Mtu mzima, nnalilia makopo."

Tangu hapo hasemi na Ummkulthum. Idi iliyopita binamu huyo alimpelekea sahani ya biriani. Shamsi aliirudisha imefunikwa vilevile.

Mfenesi amekataa kuuuza. Bila ridhaa yake hawaukati, na kwa hiyo kipande cha reli kinachouzunguka kimesalia, huku matofali yakipangwa pande zote. Mnunuzi hana haraka. Msimamizi wake alimweleza Shamsi, kwa upole kabisa, kwamba mti ukifa, na haki yake imekufa. Na mfenesi ni mzee; upande mmoja umeanza kuoza na mchwa wameshaujua. Kupanda mwingine hawezi, maana mche mpya unataka idhini ya mwenye ardhi.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana, anapitia hapa kukwangua uozo na kumwaga majivu shinani. Akiulizwa ana mpango gani, anachomoa waya kwanza, treni inasimama.

"Babu aliishi akaiona reli yake iking'olewa," anasema. "Mie hii siombi idumu. Naomba mti huu unizike. Wakisharudi kutoka makaburini, waukate."