Nilivyobweka kwa Niaba ya Sajini

Mke wangu alinikuta nyuma ya rundo la mbao nikibweka.

Sikuwa nakohoa. Nilikuwa nabweka. Mikono nimeizungushia mdomoni, macho nimefumba, mwalimu mzima wa hisabati mwenye digrii yake.

"Baba Eveline," akasema Tumpe, "kimekupata nini?"

Ndugu zangu, kabla hamjanicheka, nisikilizeni kwanza.

Tunaishi Iyunga hapa Mbeya, vyumba viwili vya uani kwa Mzee Jailos, mfanyabiashara wa mbao. Mbao zake zimejaa uani mpaka kamba ya kuanikia nguo hatuna pa kuifunga. Siku tunahamia na mbwa wetu, Sajini, mzee alitoa sharti moja tu.

"Mbwa akae, alinde mbao. Siku akiacha kubweka, namwita bwana mifugo aje na sindano. Mimi sifugi mapambo."

Wakati ule Sajini alikuwa Sajini kweli. Mimi mwenyewe aliniuma paja siku nilipokwenda kujitambulisha kwa kina Tumpe, maana alikuwa mbwa wa kwao. Nikasafishwa kidonda kwa maji ya chumvi, yeye akapewa mfupa.

Lakini uzee hauangalii cheo. Macho yakaingia ukungu, masikio yakaziba, meno yakaisha. Akijaribu kubweka inatoka pumzi tu.

Tukaanza kulea. Ugali tunamlainishia na mchuzi wa dagaa. Kila asubuhi nambeba mikononi kumpeleka akojoe nyuma ya choo. Baridi ya Julai ya Mbeya mnaijua, basi Tumpe akamvika sweta la shule la Eveline. Buchani nikinunua maini nasema ni ya mtoto, amepungukiwa damu. Mtoto mwenyewe nyumbani anakula maharage.

"Mbwa huyo ungeshamtelekeza zamani," shemeji zangu wananiambia.

Siwezi. Tulipompoteza mtoto wetu wa kwanza, ndugu walikaa matanga, wakala, wakaondoka. Sajini alibaki mlangoni kwa Tumpe, hali, hanywi, mpaka Tumpe mwenyewe akatoka kumpikia uji. Ndivyo mke wangu alivyorudi kula. Mbwa huyu nampenda, nasema wazi, anayetaka kucheka acheke.

Sasa Mzee Jailos magoti yamemsumbua siku nyingi, uani hafiki. Jioni anakaa barazani na chai yake, anatega sikio.

Jioni moja akaita, "Mwalimu! Mbwa mbona kimya?"

Nikazunguka nyuma ya mbao, nikabweka.

"Afadhali," akasema mzee.

Basi ikawa kazi. Namaliza kusahihisha madaftari, naingia zamu.

Aliyenitia moyo ni Chui, mbwa wa jirani yetu Mama Veneranda, mzee wa kanisa. Nikibweka, Chui ananijibu toka ng'ambo ya ukuta, sauti nzito, ya heshima. Nikitoa mbili, anatoa tatu. Nikiongeza, anaongeza. Aisee, nikaanza kujiona nimeiva! Wiki niliyopata mafua alikuwa ananibwekea polepole, utadhani ananipa pole.

Tumpe aliponifuma ile siku nilimweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia. Tangu kesho yake akawa ananichemshia tangawizi ya koo.

Kosa langu, nilibweka vizuri mno.

Jumamosi Mzee Jailos akaniita barazani. "Mwalimu, mbwa wako mkali sana. Nimefungua ghala Mafinga, wezi wa kule hawana adabu. Gari likija namchukua. Wewe nitakutafutia mtoto wa mbwa."

Nikajaribu kumzuia. "Mzee, yule... hapendi safari."

"Mbwa hapendi safari? Hebu nikamwone."

Akachukua fimbo yake, akajikokota mpaka uani. Sijui magoti aliyatoa wapi.

Sajini alikuwa amelala kwenye gunia, amevaa sweta lake, ulimi nje. Mzee akagonga fimbo chini mbele ya pua yake. Sajini akailamba fimbo.

Tumpe akapiga magoti, akamkumbatia mbwa. "Baba, tufukuze sisi. Huyu usimchome sindano."

Kabla mzee hajajibu, Chui akabweka ng'ambo. Kimya. Akabweka tena, mara hii kwa wasiwasi.

"Mwenzake anamwita, wala hana habari," akasema mzee. "Sasa anayebweka humu kila jioni ni nani?"

Nikazungushia mikono mdomoni, nikabweka mbele yake.

Chui akajibu hapo hapo, kwa furaha.

Mzee Jailos akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. Halafu akaelekeza fimbo ukutani. "Na yule, una hakika ni mbwa?"

Nikapanda juu ya mbao, nikachungulia.

Mama Veneranda alikuwa amesimama na kitenge chake cha kwaya, mikono mdomoni. Miguuni pake Chui amelala kwenye mkeka, kafunikwa khanga, hana jino hata moja.

Tukatazamana.

"Bwana Yesu asifiwe, mwalimu," akasema.

"Amina, mama."

"Sajini hajambo?"

"Amezeeka, mama."

"Na huyu wangu vilevile. Naishi peke yangu mwanangu, wezi wakijua kanyamaza nimekwisha."

Nikashuka, nikamweleza mzee. Nilidhani atacheka au atampigia simu bwana mifugo. Akakaa juu ya mbao zake.

"Wanangu," akasema, "kila wakinipigia siku hizi wanauliza hati ya kiwanja iko wapi. Nawafokea, wanaogopa, wanakata simu." Akanyoosha mkono akamgusa Sajini sikio. "Siku nikikosa sauti ya kufoka, sijui nani atafoka kwa niaba yangu."

Tumpe alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa sweta la mbwa.

Mzee akainuka kwa taabu. "Mafinga nitaajiri mlinzi. Babu mwacheni alale." Alipofika kwenye kona akageuka. "Mwalimu, kesho usichelewe. Jana ulichelewa."

Sajini yupo mpaka leo ninapoandika haya, na maziwa yake anayaleta Mzee Jailos mwenyewe, anayaficha kotini asionekane na wapangaji wengine.

Funzo ni hili: ukiwa na mzee nyumbani, wa miguu miwili au minne, usimuulize leo amefanya kazi gani ndipo umpe chakula. Kazi alishaifanya, ulikuwa unakula matunda yake.

Niwaache hapo. Mama Veneranda ameshaanza.