Mota niliyoichagua kwa meno

Leo nimeng'ata mota dukani Makambako, binti yangu akajifanya hanijui.

Kesho Neema anapeleka roboti yake kwenye maonyesho ya shule. Mkono wa roboti unatetemeka, chupa ya maji inaanguka. Tatizo ni servo, ile mota ndogo ya kiwiko.

Muuzaji akatuwekea tano mezani. Zote zinang'aa, zote eti "orijino".

Nikamwomba aziwashe moja moja, nikawa naziegemeza kwenye meno.

Msinicheke! Waliokulia kwa mafundi redio wananielewa. Miaka ile soko lilipofunguliwa, redio kaseti za kila jina zikamwagika Makambako. Marehemu baba hakununua mota bila kuing'ata.

"Masikio yamejaa malori," alikuwa akisema. "Meno yanasikia kinachokwaruza."

Nne zilikwaruza. Moja ikatulia.

"Baba, twende bwana, watu wanatuangalia!"

Tumefika nyumbani Njombe, tumeifunga. Chupa imepanda, haijatikisika.

Nikaenda kumwita mama yake aje aone.

Kurudi, namkuta Neema kaing'ata ile mota mbovu tuliyoitoa kwenye roboti, kafumba macho vilevile kama babu yake.

Na hawakuwahi kuonana.