Neno la Kumbariki Mkwe

Mume wangu Seweryn ni mtu wa maneno. Hapa Pakość, mji wetu mdogo wa Poland, hakuna arusi, ubatizo wala sikukuu ya mtakatifu mwenye jina la mtu inayokwisha kabla hajasimama na glasi mkononi na kumtakia mwenye shughuli kile anachokihitaji hasa. Si afya na furaha za kugawiwa kila mtu. Mjane atamtakia majira mafupi ya baridi, na aliyepakana na mgomvi atamtakia ukuta mnene. Kazi yake ilikuwa ufundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari, lakini ukiulizia mjini watakwambia, "Ah, Seweryn! Yule anayejua kutakia."

Sasa mchukue mtu kama huyo, umkalishe mezani kwake na mkwe mtarajiwa, halafu umfanye bubu.

Binti yetu Kalina alimleta Fergal kutoka Ireland, anakofanya kazi. Seremala, mrefu, mashavu mekundu, ana adabu mpaka unamwonea huruma. Baba na mama yake walishafariki, na shangazi aliyemlea miguu haimbebi tena, sembuse kupanda ndege. Seweryn alikuwa na Kiingereza kidogo cha ghalani, alichookota Uingereza akipakia saladi baada ya kiwanda cha sukari kufungwa: beba, weka, upesi, mapumziko. Kwa hicho hicho akamkaribisha mgeni.

"Kula," akamwambia. "Nzuri. Kula."

Fergal akala, akasifu mchuzi, akazungumza polepole kwa sauti kubwa, akampigapiga Seweryn begani na kumwonyesha picha za mbwa kwenye simu. Walipotoka kwenda kutembea, Seweryn alibaki anapangusa meza ambayo nilikwisha kuipangusa.

"Kijana mzuri," nikasema.

"Mzuri sana. Na ananipenda."

"Sasa mbona umenuna, mzee?"

"Ananipenda kama mtu anavyompenda mtoto, Wiesia. Na mtoto hawezi kumbariki mtu mzima."

Hapo nikaelewa. Kwetu, kabla ya kwenda kanisani, bwana na bibi arusi hupiga magoti sebuleni kwa kina bibi arusi, na wazazi wa pande zote mbili huwasimamia na msalaba na maji ya baraka na kuwaambia neno. Wazazi wengine husema maneno mawili wakalia, ikawa imetosha. Kwa Seweryn haingetosha. Tena upande wa Fergal hapakuwa na wa kusimama. Kama kulikuwa na neno la baba ambalo kijana yule angelisikia siku ile, lingetoka kinywani mwa Seweryn au lisingetoka kabisa.

Kalina kwenye simu aliona jambo ni jepesi. "Baba, sema kwa Kipolishi, mimi nitatafsiri."

"Bibi arusi atafsiri baraka yake mwenyewe? Amepiga magoti, na shela hilo?"

"Basi padri atafsiri."

"Padri ana zamu yake kanisani. Aniachie ya kwangu."

Arusi ilipangwa Septemba ya mwaka uliofuata. Seweryn akajiandikisha Chuo Kikuu cha Wazee. Jina lisikutishe, ni wastaafu na chupa zao za chai kwenye chumba cha juu cha maktaba, ambako mimi hupokea makoti ya watu mlangoni, chini ya ngazi. Mwalimu wa Kiingereza, Aldona, msichana mwembamba mwenye subira, alimkalisha na wanaoanza. Siku ya kwanza wakafundishwa kununua nyanya. Seweryn akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nyanya najua kununua. Mimi nataka maneno ya mtu mzima."

"Maneno gani hayo, Bwana Seweryn?"

"Ya kumwambia mtu anayepiga magoti mbele yako."

Aldona hakucheka, na kwa hilo nilimsamehe mengi baadaye. Akampa vitabu vya wale wanaofanya mtihani wa juu kabisa, vile ambavyo hata wanafunzi wa chuo huvifungua kwa kupumua kwanza.

Kazi ikaanza. Maneno marefu yenye asili ya Kilatini yalimjia haraka, kwa sababu na sisi Wapolishi tunayo yanayofanana nayo. Lakini ndugu wa kufanana sura si lazima wafanane tabia. Aliwahi kusifu mahubiri ya padri darasani kwa neno ambalo kwetu ni la kitu chenye hadhi, cha kuinua moyo, na kwa Waingereza ni la kitu cha kutia aibu. Wazee wenzake walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Yeye akacheka nao, na njiani kurudi alitembea hatua kumi mbele yangu.

Maneno mengine yalimsumbua zaidi. Neno la kiti unaweza kulibandika kwenye kiti. Utabandika wapi neno la ukaidi usio na faida? Seweryn alilibandika kwa jirani yetu Hipolit, ambaye amegombana na manispaa miaka nenda miaka rudi kwa ajili ya mti mmoja. Neno la mtu anayetoa kwa mkono mzito akampa mama wa duka la nyama. La huzuni nyepesi isiyo na sababu akampa mpiga kinanda wa kanisa. Mji mzima ukawa kamusi yake. Asubuhi anamvulia Hipolit kofia na kumwamkia kwa lile neno, kwa Kiingereza safi, naye Hipolit anajibu kwa furaha, "Asante, jirani, nawe pia!" Ilibidi nijifanye nakohoa.

Mimi nilikuwa mtahini. Shuleni tulifundishwa Kirusi, na nacho kimenitoka, lakini kadi nilizishika huku napiga pasi. Nasoma maana, yeye ataje neno. Akikosea, namrushia soksi. Ukishika kadi muda mrefu, kitu kinakuingia hata kama hukukikaribisha. Kufikia Pasaka nilikuwa naelewa karibu yote aliyoyasema, na nilikuwa na maoni juu ya matamshi yake.

Baraka aliiandika, akaifuta, akaiandika upya. Pale mwishoni alitaka neno moja la kubeba mzigo wote, akalitafuta muda wote wa mvua za machipuko. Neno la subira alilikataa. "Subira ni ya kungoja basi," alisema. La uvumilivu alilikataa pia: "Hilo ni la jino bovu." Siku moja akashuka ngazi za maktaba uso unang'aa, nikajua limepatikana. Lilikuwa neno refu, la zamani, lenye pumzi katikati. Ukilitafuta katika Kiswahili utakaribia ukisema kuchukuliana.

Aldona akakunja uso. "Ni neno zuri, Bwana Seweryn, lakini siku hizi Waingereza wenyewe hawalitumii."

"Basi wameacha kitu kizuri kinapata vumbi," akasema Seweryn. Mimi nilitaka kumwambia Aldona maneno mengine kabisa, ila nilikuwa nimeshika koti la watu.

Kilichomuumiza hasa kilitoka kwa Kalina. Mwezi mmoja kabla ya arusi, Seweryn alimsomea sehemu ndogo kwenye simu. Binti akasema taratibu, "Baba, ni nzuri mno. Lakini unasema kama kitabu. Fergal atadhani umekariri."

"Nimekariri."

"Ndiyo hivyo, baba. Atasikia kitabu. Hatakusikia wewe."

Akaweka simu mezani. "Kasuku naye husema," akaniambia. Jioni ile hatukushika kadi.

Nilimwona amepungua, na nilikasirika. Nilimkasirikia Kalina kwa kusema kweli, nikawakasirikia Waingereza kwa kuwa na maneno mengi hivyo, na Seweryn kwa kutosema tu "Mungu awabariki" kama waume wa wenzangu. Lakini kesho yake alikuwa mezani na kitabu chake kabla sijachemsha chai. Nikazitoa kadi.

Siku ya arusi nyumba ilijaa mpaka ngazi za jengo. Mpiga kodiani alisimama mlangoni. Chini barabarani Hipolit alikwisha kufunga njia kwa meza na kamba, kama desturi, na alikuwa anapiga kelele kwamba bila chupa mbili za vodka hakuna gari litakalopita, hata liwe la askofu. Seweryn akamfungulia dirisha na kumpigia lile neno lake la kila asubuhi, Hipolit akapunga mkono, na nikaona mabega ya mume wangu yanashuka kidogo.

Kalina na Fergal wakapiga magoti kwenye mto. Kalina tulimbariki kwa Kipolishi, na alilia kama ilivyotakiwa. Kisha Seweryn akamgeukia Fergal. Nilikuwa nimeshika kikombe cha maji ya baraka kwa mikono miwili.

"Fergal, mwanangu," akaanza kwa Kiingereza. "Baba yako hayupo hapa, nami sitajifanya yeye. Lakini mtu asiende madhabahuni bila neno la mwanamume aliyetangulia njia hiyo."

Fergal akainua kichwa. Hapo ndipo nilipouona, na ningetamani kuupiga picha: uso wa mtu aliyedhani mbele yake amesimama mtoto, akakuta amesimama baba. Watu wetu hawakuelewa neno hata moja, lakini hata kodiani iliacha kupumua. Seweryn akamtakia uaminifu usiohitaji shahidi. Akamtakia mikono yenye kazi na nyumba yenye kicheko, hata cha kumcheka yeye mwenyewe. Sentensi zilitoka zimenyooka, moja baada ya nyingine, jinsi nilivyozijua. "Na zaidi ya yote," akasema, "nakutakia..." na akalitoa lile neno refu.

Fergal akakunja paji la uso. Mwingine angetikisa kichwa tu na jambo likapita.

"Samahani, mzee," akasema, bado kapiga magoti. "Hilo neno silijui. Naomba unieleze."

Kalina akafumba macho. Aldona, aliyekuwa mlangoni na zawadi yake, akafungua kinywa kusaidia, nikamtazama, akakifunga. Wahenga husema asiyejua maana haambiwi maana, lakini huyu alikuwa ameomba kwa adabu, na maana yenyewe haikuandikwa kwenye karatasi yoyote. Nilizishika zote. Kadi ya kujibu swali lile haikuwepo.

Seweryn akaishika tai yake. Midomo yake ilicheza bila sauti. Nikasema moyoni, sasa kasuku atakufa mbele ya wageni.

"Ni hivi," akasema, polepole. "Mtu amekukosea. Una haki ya kukasirika, na kila mtu anaiona haki yako. Nawe unaiweka chini. Si kwa woga. Ni kwa sababu unamtaka yule mtu kuliko unavyoitaka haki yako."

Fergal aliendelea kumtazama, anangoja.

"Nikupe mfano. Kiwanda chetu kilipofungwa, nilikaa jikoni majira yote ya baridi. Kazi sikutafuta. Mimi ninayesema na kila mtu, sikusema na mtu. Mke wangu alikwenda kazini gizani, akarudi gizani. Angeweza kunipigia kelele, na mji mzima ungempigia makofi. Hakusema kitu. Kila asubuhi, kabla ya kutoka, aliniwekea mezani beseni la viazi na kisu. Basi nikawa namenya viazi. Nilikuwa na kitu cha kufanya mpaka arudi. Mtu akikuuliza maana ya neno hili, mwambie ni viazi vile."

Kuna makosa mawili ya sarufi humo, na niliyasikia. Lakini hakukuwa na kitabu. Ni yeye mwenyewe aliyesema, kwa maneno aliyoyachuma moja moja katika umri ambao wenzake huchuma uyoga.

Fergal hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Akalirudia lile neno kwa sauti ndogo, kama anayepima mbao kabla ya kukata, kisha akasema, "Nimelielewa, baba."

Seweryn akarudi palepale alipoachia, akamaliza baraka yake bila kupoteza neno. Mimi nikawanyunyizia maji. Kalina alilalamika baadaye kwamba nilimlowesha nywele, na ni kweli, kwa sababu sikuwa naona ninakonyunyizia.

Watu wakaanza kushuka. Kwenye ngazi Seweryn akanikaribia, jasho limemtoka chini ya tai.

"Nilikosea mahali?" akaninong'oneza.

"Umekosea mahali pamoja."

Akasimama. "Wapi?"

"Umesema sikusema kitu. Nilisema, mzee. Nilikutukana kila asubuhi, mpaka na mama yako. Ila nilikutukania kituoni, nikingoja basi, ili usisikie."

Watu walikwama nyuma yetu na maua yao. Miaka yote ile sikuwahi kumwambia, wala yeye hakuwahi kuniambia kwamba alielewa viazi vile ni vya nini. Kisha akanishika mkono, akaupitisha kwenye kwapa lake kama siku ya arusi yetu. Tukashuka hivyo, taratibu, na kila aliyesimama kwenye ngazi zile nilimtazama usoni, aone natembea na nani.