Nilivyojifungia nje ya mafaili yangu mwenyewe, akanifungulia Bi Mwanaidi bila kujua

Wakuu, salaam kwenu, hasa nyie mlioko ofisini mnajifanya mko bize.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Ningeongeza, ningejipendelea kidogo, maana humu ndani mjinga ni mmoja na ndiye anayeandika.

Mimi ni mchoraji wa kanga. Nachorea kwenye laptop, ghorofa ya pili, Mchafukoge. Chini ni duka la tajiri wangu Bwana Kirit, Mhindi wa hapahapa, babu yake aliuza vitambaa mtaa huohuo.

Mimi nashughulika na pindo na mji, ile sehemu ya katikati. Jina la kanga, yale maneno ya chini, anachagua Bi Mwanaidi, mama mtu mzima wa Kariakoo aliyeanza kazi hapa kabla sijazaliwa.

Sasa kwenye biashara hii kinachoibwa ni michoro. Kuna msimu flash yetu ilipita stationery moja kuprintiwa, wiki chache baadaye mchoro wetu ukaonekana duka jingine, rangi tu imebadilishwa. Bwana Kirit alikosa hamu ya kula.

Nikajitolea kuwa mtaalamu.

Nikaleta huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, ile inayofunga kila kitu kwa encryption kabla hakijatoka kwenye laptop. Nikichora, ina-sync yenyewe, nakala inapanda mtandaoni. Hata wenye huduma hawaoni kilichomo. Flash zote za ofisi nikazikusanya nikazivunja kwa nyundo mbele ya watu. (Hapo kwenye nyundo nilizidisha, nakiri.)

Wakati wa kujisajili waliandika kwa herufi nzito: ukipoteza password, hata sisi hatuna namna ya kukufungulia. Nikabonyeza nakubali. Nani anasomaga vile vitu.

Walitaka password iwe sentensi ndefu. Nikatunga moja, nikaipenda. Kuiandika peke yake kwenye karatasi nikaogopa, nikaichomeka kwenye daftari la majina ninayompendekezea Bi Mwanaidi, katikati ya mengine sitini, nikampelekea kama kawaida. Nani atajua ipi ni ipi? Siku ile nilijiona nina akili kuliko mji mzima.

Baada ya hapo laptop ikawa inajifungulia yenyewe. Miezi minane sikuiandika ile password hata mara moja. Kwenye simu sikuweka kitu, naogopa vibaka.

Ikaja Jumatano. Umeme ukakatika, ukarudi kwa hasira, laptop ikatoa harufu. Fundi alinipa pole kabla hajamaliza kufungua skrubu.

Michoro kumi na moja ya msimu mpya ilitakiwa ifike kiwandani Ijumaa. Tukichelewa, nafasi yetu kwenye mashine anapewa mwingine na msimu umetupita. Mchoro mmoja tu ulikuwa umetangulia kwa ajili ya sampuli.

Sikuogopa. Si nilikuwa na backup? Nikaazima laptop, nikaingia kwenye tovuti, ikaniuliza password.

Kichwani peupe.

Nilikumbuka tu kwamba ni maneno ya kumsema mtu anayeficha kitu. Nikajaribu "Mlango umeufunga, dirisha je?" Siyo. Nikajaribu mengine kama kumi, mwisho ikaniambia nipumzike kwanza, nirudi baadaye.

Nikaenda kwa Bi Mwanaidi. Shikamoo, marahaba, nikamwomba daftari.

"Daftari la majina? Mbona nimeshalichoma."

Kumbe ndiyo desturi yake kila msimu: akishachagua, anatuma majina kiwandani mwenyewe, hamwonyeshi mtu, daftari linaingia kwenye jiko la mkaa.

"Wewe una kompyuta yako ya siri," akasema, "na mimi nina jiko langu."

Nikamuuliza amechagua yapi. Akanitazama. "Tangu lini?"

Ningemweleza ukweli labda angenitajia. Lakini aibu, wakuu. Mtu aliyevunja flash kwa nyundo anaanzia wapi?

Alhamisi asubuhi Bwana Kirit akapanda ngazi kuulizia michoro. Ikabidi niseme. Akakaa, akavua miwani.

"Uliniambia mwizi hawezi kufungua."

"Ndiyo, mzee."

"Na mwenyewe pia hawezi."

Hakupiga kelele. Angepiga ningepata nafuu. Nilijisikia vibaya mpaka machozi yakanilenga, maana yule mzee aliniamini.

Hapo ndipo Bi Mwanaidi akaingia. Sampuli ilikuwa imefika na alishaivaa. Nayo ni desturi yake: anavaa kanga mpya, anatembea mtaa wa Msimbazi kwenda na kurudi, wakigeuka wanawake watatu kusoma jina, tunachapa. Akatupita kwenda kumimina chai, akatupa mgongo.

MBUZI UMEMFICHA KENGELE UMEISAHAU.

"Bi Mwanaidi," nikasema, "nakuomba usigeuke."

"Una nini wewe mtoto?"

Nilikuwa nimeshapiga magoti sakafuni na laptop, nanakili neno moja moja. Bwana Kirit akaangalia dirishani kwa adabu.

Ikafunguka. Michoro yote kumi na moja, hakuna hata ua lililopungua. Nililia kidogo, sitaficha.

Bi Mwanaidi alipoelezwa alicheka mpaka akatafuta kiti. Bwana Kirit akauliza kama jina libadilishwe, isije siri ya ofisi ikatembea mjini.

"Thubutu," akasema Bi Mwanaidi. "Wamegeuka watano."

Michoro ilitumwa siku ileile, na password nikaibadilisha palepale. Sasa hivi ile kanga imejaa Kariakoo. Kila mama akinitangulia njiani kaivaa, najua nimesemwa mimi.

Nilichojifunza: encryption ni nzuri, siri yako inabaki yako kweli. Ila ufunguo nao unataka backup. Password mpya nimeiandika karatasi mbili, moja iko nyumbani, nyingine kwenye bahasha niliyoifunga gundi nikampa Bi Mwanaidi aitunze.

Aliipima mkononi, akaniuliza kwa upole, "Hii nisiichome?"

Haya wakuu, mbuzi wenu najua mmewaficha vizuri. Kengele mmeziweka wapi? Semeni, na mnaotaka kunicheka pia karibuni, mtanikuta nimeshazoea.